Mnyama Asiye na Pumzi

Mwaka 949 mjumbe kutoka Italia, jina lake Liutprand, aliingizwa katika ukumbi wa Magnaura, kwenye kasri la makaisari wa Konstantinopoli. Alibebwa mabegani na matowashi wawili. Mbele yake palisimama mti wa shaba uliopakwa dhahabu, na matawini mwake walitua ndege wa kila namna, nao wa shaba, kila mmoja akilia mlio wa aina yake. Kando ya kiti cha enzi walikaa simba wakubwa ambao hakuweza kujua kama ni wa shaba au wa mbao, maana wote walifunikwa dhahabu. Alipokaribia, simba wale walipiga mikia chini, wakafumbua vinywa, wakanguruma huku ndimi zikicheza. Liutprand akasujudu mara tatu. Alipoinua kichwa, Kaisari Konstantino wa Saba, ambaye punde tu alikuwa amekaa kwenye kimo cha kawaida, alikuwa juu karibu na dari, tena kavaa mavazi mengine.

Liutprand, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wa Cremona, aliandika habari za siku ile, na ndani yake akachomeka maelezo mafupi ambayo ni rahisi kuyapita: yeye hakutishika wala hakushangaa, kwa kuwa alikwisha kuwauliza watu waliowahi kuyaona mambo yale. Namtilia shaka kidogo. Asiyeogopa huwa haoni haja ya kutangaza kwamba hakuogopa. Hata hivyo ametuachia jambo la maana, nalo ni kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita watu walikwisha kutambua kuwa mnyama wa bandia anayejongea humwingia mtu mwilini kabla hajamwingia akilini, na kwamba kinga waliyoitumainia ilikuwa kuambiwa mapema.

Mchezo ule haukuwa wa Konstantinopoli peke yake. Mwaka 917, wajumbe wa mji huohuo walipofika Baghdad kwa Khalifa al-Muqtadir, walipitishwa kwenye jumba lenye mti wa fedha, na ndege wa fedha na dhahabu wakipiga mluzi matawini. Kila upande ulijua mwenzake anataka nini: mgeni afike mbele ya mtawala akiwa tayari ameishiwa maneno. Simba wa dhahabu ni mlinzi asiyekula, asiyelala, asiyehongeka, na mwenye kuamuru angurume ni mmoja tu. Karibu miaka mia tatu baadaye, mwaka 1206, fundi al-Jazari wa Diyar Bakr alikamilisha kitabu kinachoeleza, hatua kwa hatua na kwa michoro, namna ya kuunda tausi wa kumimina maji ya kunawia na saa yenye umbo la tembo. Ukikisoma hutishiki hata chembe. Kukutana na tausi yule gizani, bila kitabu, ni habari nyingine.

Ulaya swali la tofauti kati ya mnyama wa kweli na wa bandia lilikuja kuchukua sura ya falsafa. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alidai kwamba mnyama ni mashine tu, iliyoundwa kwa ustadi mkubwa. Kama mtu angeunda mtambo wenye viungo na umbo la nyani, alisema, tusingekuwa na njia ya kuutofautisha na nyani halisi. Kwa binadamu tungeweza, kwa sababu mtambo usingejua kujibu maneno ya kila namna. Ikabaki apatikane wa kujaribu.

Aliyejaribu ni Jacques de Vaucanson, aliyezaliwa Grenoble mwaka 1709, mwana wa fundi wa glavu. Alipata jina mjini Paris kwa sanamu ya mpiga filimbi iliyopuliza hewa ya kweli kwa midomo yake. Kisha, mwaka 1739, akamleta bata. Alikuwa wa shaba iliyopakwa dhahabu, juu ya kitako kikubwa kilichobeba mashine yenyewe. Iliandikwa wakati ule kwamba bawa moja peke yake lilikuwa na vipande zaidi ya 400. Bata huyo alinyoosha shingo, akala nafaka kutoka mkononi mwa mtu, akanywa maji, akayachezea kwa mdomo, akatikisa mabawa. Baada ya kitambo akajisaidia. Hicho ndicho watu walichokuja kukiona, na walilipa pesa nzuri. Vaucanson alisema chakula kinayeyushwa tumboni kisha kinapita kwenye mirija hadi nyuma, na aliacha sehemu za ndani zionekane ili kila mwenye macho ajionee. Voltaire alimlinganisha na Prometheus, yule wa hekaya za Wayunani aliyeiba moto wa miungu.

Hakuna habari ya mtu aliyemkimbia bata huyo. Nadhani sababu si ngumu. Aling'aa kwa dhahabu, aliwekwa juu kama kombe la mashindano, na matumbo yake ya shaba yalikuwa wazi. Hakumwomba mtu yeyote aamini kwamba ni bata. Aliwaomba waamini kwamba fundi ni hodari, na hilo waliliamini kwa furaha.

Baadaye ikajulikana kuwa kulikuwa na ujanja. Mwaka 1783 Mjerumani Nicolai aliandika kwamba chakula hakisagwi popote. Mwaka 1844 bata alipooneshwa tena Paris, mfanya kiinimacho Robert-Houdin alipata nafasi ya kumchungulia ndani na kukuta kwamba nafaka iliingia kwenye chombo kimoja, na kilichotoka nyuma ni makombo ya mkate yaliyotiwa rangi ya kijani, yaliyoandaliwa mapema. Mchawi wa jukwaani akamsifu fundi kwa kumshinda kwenye fani yake mwenyewe.

Lakini kabla ya hapo kulitokea mambo mawili ambayo kwangu yana uzito kuliko ulaghai wa makombo. La kwanza ni la Lyon. Mwaka 1741 serikali ilimfanya Vaucanson mkaguzi wa viwanda vya hariri. Akaleta kanuni mpya na fikra ya kuwaingizia wafumaji mashine. Mwaka 1744 wafanyakazi wa hariri waliinuka, na yeye akatoroka mji usiku akiwa amevaa nguo za mtawa. Wafumaji wa Lyon hawakumwogopa bata. Waliuogopa mkono uliomuunda, sasa ulipoelekea kwenye mkate wao. Hizi ni hofu mbili tofauti, moja ya jicho na moja ya tumbo, na wanaoandika kuhusu roboti leo huzichanganya mno.

La pili ni la mwaka 1805. Bata na sanamu nyingine za Vaucanson zilikwisha kuuzwa tangu 1743, zikazunguka, zikaishia mikononi mwa daktari mmoja mwenye mikusanyo ya ajabu, Beireis, katika mji wa Helmstedt huko Ujerumani. Mshairi Goethe alikwenda kumtembelea. Mpiga filimbi alikuwa amenyamaza kabisa. Bata alikuwa hana tena manyoya, amesimama kama mifupa mitupu. Bado alikula nafaka kwa pupa, ila hakuweza kuisaga. Bata mpya alikuwa kioja. Huyu mkongwe, anayeendelea kula baada ya kila kitu cha ubata kumtoka, anatia kichefuchefu hata kwenye karatasi.

Wanazuoni walichelewa kulifikia jambo hilo. Mwaka 1906 daktari Ernst Jentsch aliandika kwamba ubaridi unaomwingia mtu mbele ya sanamu fulani hutokana na mashaka: hajui kama kitu kilicho mbele yake kina uhai au hakina. Mwaka 1919 Freud akamjibu kwa makala ndefu zaidi, akayapeleka mashaka hayo kwenye utoto na mambo yaliyofukiwa moyoni, kama ilivyokuwa desturi yake. Jentsch ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Ila wote wawili walikuwa wakiwazungumzia binadamu na vitabu. Aliyelipeleka suala kwa wanyama wenyewe alikuwa Mkanada, Donald Hebb.

Hebb alifanya kazi katika maabara ya Yerkes, Orange Park, jimbo la Florida, mahali palipofugwa sokwe, na mwaka 1946 alichapisha makala yake juu ya asili ya woga. Aliwaonesha sokwe vitu mbalimbali: fuvu, kichwa cha sokwe kilichofinyangwa, sokwe mwenzao aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Watoto wachanga hawakujali. Waliokua kidogo walionekana kuchangamka na kutaka kutazama. Sokwe wazima walishikwa na hofu kubwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuumizwa na kichwa cha udongo, wala hakuna aliyewafundisha kukiogopa. Kadiri sokwe alivyowajua sokwe wenzake kwa miaka mingi, ndivyo kichwa kisicho na mwili kilivyomvuruga.

Hebb aliona kitu kingine cha ajabu zaidi. Sokwe walimzoea mlinzi fulani, na wakamzoea mlinzi mwingine. Lakini mmoja wao alipovaa koti la mwenzake, mtu yuleyule wa kila siku aliweza kuwatia hofu. Koti lilijulikana, uso ulijulikana, mchanganyiko wao haukujulikana. Kwa maelezo ya Hebb, akili ilikwisha kuanza safari iliyoizoea, ikakatizwa njiani. Kwa maoni yangu maabara ile ndogo ilieleza kisa cha roboti wanyama vizuri kuliko vitabu vingi vilivyofuata, miaka mingi kabla roboti hao hawajawa bidhaa. Hofu hii si ya ujinga, bali huhitaji elimu: lazima kwanza umjue mnyama, namna anavyogeuza sikio na anavyopumua akiwa amelala, ndipo umwone wa bandia akikosea.

Isichanganywe na woga wa kawaida. Miaka ya 1960 Mholanzi Adriaan Kortlandt aliwawekea sokwe wa mwituni chui aliyekaushwa, mwenye kichwa kinachoweza kutikisika, kwanza mashariki mwa Congo, kisha Guinea. Sokwe walipiga mayowe na kumtishia kwa matawi. Wale wa nyika ya Guinea walimcharaza kwa fimbo. Hao walimchukulia kuwa chui, wakafanya anachofanyiwa chui. Uamuzi ulikuwa rahisi. Sokwe wa Florida walikosa uamuzi, na kukosa huko ndiko kulikowatesa. Mwaka 2009 watafiti Steckenfinger na Ghazanfar wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonesha kima picha za nyuso za kima: za kweli, za kompyuta zilizo wazi kwamba ni za kuchora, na za kompyuta zilizokaribia kabisa kuwa za kweli. Kima walizitazama zaidi aina mbili za kwanza. Zile zilizokaribia ukweli walizikwepa kwa macho. Tabia hiyo basi haikuletwa na sinema, wala si ya binadamu peke yake.

Nchini Japani mwaka 1970 mhandisi Masahiro Mori, profesa wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, aliandika makala fupi iliyokuja kulipa jambo hili jina lake maarufu. Alichora mstari. Kadiri mashine inavyofanana na binadamu, alisema, ndivyo tunavyovutwa nayo, hadi mahali fulani ambapo mvuto huporomoka ghafla kama ukingo wa mlima, kisha hupanda tena kufanana kukikamilika. Hilo ndilo Bonde la Kutisha. Mfano wake ulikuwa mkono wa bandia: unaudhani wa kweli, unausalimia, unakuta baridi isiyo na mfupa. Akaweka maiti chini bondeni, na akasema kitu kikijongea bonde huzidi kina. Mdoli wa mnyama aliyejazwa pamba alimweka upande wa salama, kwenye mteremko wa kwanza. Ushauri wake kwa mafundi ulikuwa wasikimbilie kufanana kamili, wabaki upande ule wa kwanza.

Kampuni za Japani zilifanya biashara kana kwamba kila fundi alikuwa na mchoro ule mezani. Mwaka 1999 Sony ilitoa mbwa AIBO kwa yeni 250,000, na wale 3,000 waliotengewa soko la Japani waliisha kwa dakika 20 hivi. Hakuwa na unyoya hata mmoja. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya fedha, macho yake taa nyuma ya kioo. Watu walimpenda kwa sababu hakujifanya. Sony ilipoacha kumtengeneza mwaka 2006, na baadaye kufunga huduma ya matengenezo, wenye AIBO walianza kuwapeleka waliokufa kwenye hekalu la Kofukuji, mjini Isumi, wafanyiwe ibada ya mazishi kabla vipuri vyao havijatolewa kuwasaidia wengine. Aliyecheka picha za ibada zile, zenye mbwa wa plastiki waliopangwa mbele ya madhabahu, ajue kwamba waombolezaji walijua kabisa wanamzika nani.

Kwa kina zaidi jambo hili alilifikiria Takanori Shibata, mtafiti wa taasisi ya serikali ya AIST, aliyeianza kazi hiyo mwaka 1993. Alitaka mnyama wa kuwafariji wazee na wagonjwa, mahali ambapo mnyama wa kweli haruhusiwi. Alijaribu umbo la paka. Watu wakampakata, wakamlinganisha na paka waliowahi kumfuga, na mara wakaanza kumtoa kasoro, kwamba hivi sivyo paka anavyolala, na huku sivyo anavyolia. Shibata akabadili mnyama. Akachagua mtoto wa sili, kiumbe wa barafu ya Canada ambaye karibu kila mtu amemwona pichani na karibu hakuna aliyewahi kumpakata. Ndivyo alivyozaliwa Paro: manyoya meupe, uzito wa kilo 2.7, sauti iliyotokana na sili wa kweli. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilimtambua kuwa kifaa cha tiba. Shibata hakuongeza ustadi ili kulivuka bonde. Alilizunguka, kwa kutafuta mnyama ambaye kumbukumbu zetu hazina la kumsuta. Huo ni uthibitisho mzuri wa Hebb.

Na bado Paro alizua fadhaa, ila si kwa waliompakata. Sherry Turkle, profesa wa MIT, amesimulia alivyomwona mama mzee, mwenye huzuni juu ya mwanawe, akimbembeleza sili yule na kumweleza yaliyomsibu. Wengine waliona mafanikio. Turkle ndiye aliyeumia, kwa kuwaza kwamba mama yule anamweleza uchungu wake kitu kisichojua uchungu ni nini, wakati watu wapo kando wakitazama. Sidhani alikosea. Bata wa Vaucanson aliwadanganya watu waliolipa ili wadanganywe, na mzee mwenye maradhi ya kusahau hajalipa kiingilio.

Marekani walikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 2005 kampuni ya Boston Dynamics ilimtoa BigDog, kwa fedha za wizara ya ulinzi, ili abebe mizigo ya askari mahali pasipopita gari. Hakuwa na kichwa, wala mkia, wala ngozi. Alikuwa fremu ya chuma yenye injini ya petroli inayounguruma na miguu minne. Kwa kipimo cha kufanana alikuwa mbali na bonde. Kisha mwaka 2008 ikasambaa video ya mtu akimpiga teke la ubavuni. BigDog aliyumba, miguu ikatapatapa, akajishika asianguke. Kwenye barafu aliteleza kama ndama kwenye tope, akahangaika, akasimama tena. Watazamaji wengi walimwonea huruma na kumwogopa kwa wakati mmoja. Mori alikuwa ameonya kwamba mwendo huongeza kina cha bonde, lakini hapa mwendo peke yake ulilichimba. Jicho letu, tulilopewa na mababu waliowinda na kuwindwa, halingoji sura. Likiona mguu unaojiokoa, huhesabu kwamba pale pana nafsi inayotaka kuishi, kisha hutafuta uso wa nafsi hiyo na kukuta bomba.

Kikosi cha Marine cha Marekani hakikumchukua mrithi wa BigDog, kwa sababu ya kelele. Mdogo wao, Spot, anayetumia betri, aliingia sokoni mwaka 2020 kwa dola 74,500. Mwezi Mei mwaka huohuo alionekana katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, Singapore, akiwakumbusha watu kwa kipaza sauti wasisogeleane wakati wa korona. Huko New York polisi walimpa jina la Digidog.

Hapo ndipo hofu ya jicho na hofu ya tumbo zilipokutana. Mapema mwaka 2021 mbwa huyo alionekana kwenye tukio la uhalifu Bronx, na mwezi Aprili kwenye majengo ya nyumba za umma Manhattan. Picha zake zikaenea, na wakazi na wanasiasa wakapiga kelele. Polisi walieleza kwamba hana silaha, kwamba kazi yake ni kutangulia mahali pa hatari asife askari. Maelezo yale yalikuwa ya kweli, na hayakutuliza mtu. Nadhani yalijibu swali lisiloulizwa. Waliolalamika hawakusema hawaelewi mtambo ule unavyotembea. Walisema wanajua fika nani anaushika, na unatumwa kwenye nyumba za akina nani.

Fadhaa ya jicho hupungua kwa mazoea. Wafanyakazi wa viwanda wanaomtuma Spot kukagua mabomba kila siku hawashtuki tena, na mtoto aliyekua na AIBO nyumbani hawezi kuelewa babu yake anahofia nini. Ile nyingine haina sababu ya kupungua kwa mazoea, na anayeitibu kwa kuwaeleza watu mota na betri anawakosea heshima. Ngurumo za simba wa Magnaura zilikuwa na maana kwa sababu nyuma yake palikuwa na kaisari mwenye majeshi.

Mkataba wa New York, wenye thamani ya dola 94,000 hivi, ulikatizwa Aprili 2021. Aprili 2023 meya mpya, Eric Adams, alitangaza kwamba mbwa wanarudi. Safari hii hawakukodiwa. Walinunuliwa wawili, kwa dola 750,000.